Mashine mbili za kupandana, mbili kwa moja, au sarafu za londri: kufua ukiishi ndani ya RV, nyumba ya magurudumu

Kabati la chumbani kwetu lina upana wa sentimita 74, na kwa mwaka mzima tuligombana juu yake. Waliolijenga trela waliacha mle ndani mabomba mawili ya maji, la moto na la baridi, bomba la kutolea maji machafu, soketi moja, na kifuniko cha plastiki ukutani kuonyesha mahali pa kutoboa tundu la hewa. Mke wangu alitaka mashine ziingie humo. Mimi nilitaka pa kutundika makoti. Kila Jumamosi tulibeba mifuko miwili ya nguo hadi londri, duka lenye mashine za kufulia za kulipia, tukasubiri zamu, na ubishi ukaanza upya njia nzima ya kurudi.

Tunaishi humu kwa sababu ya kazi. Yeye ni muuguzi wa mikataba, na hapa Marekani mikataba hiyo kwa kawaida ni ya wiki 13. Leo Texas, kesho Ohio. Wenzetu kadhaa tunaofahamiana nao wameona afadhali kuvuta nyumba yao kuliko kuhangaikia chumba kila baada ya miezi mitatu. Na kila anayeingia kwenye maisha haya, swali la nguo halimchukui mwezi kumfikia. Skrabu, zile sare za hospitali, hazingoji Jumamosi.

Trela letu la kwanza lilikuwa dogo, la umeme wa ampea 30, na tulilinunua likiwa na mashine moja inayofua na kukausha. La pili ni lile refu ambalo shingo yake hukaa juu ya bodi ya pikapu, la ampea 50. Mwaka wa kwanza humu tulitumia londri, halafu tukafunga pea ya kupandana, ya kufua chini na ya kukausha juu. Kwa hiyo njia zote tatu nimezipitia, na kila moja imewahi kunifurahisha na kuniudhi.

Kwanza, mambo ya kupimia

Anza na nafasi na uzito. Mashine nyingi zinazoingia kwenye RV zina upana wa inchi 24, sentimita 61 hivi. Karibu na mlango wako kuna kibandiko cha manjano kinachosema mzigo usizidi kiasi gani. Kila kilo ya mashine inatoka kwenye hesabu hiyohiyo inayobeba sufuria, vitabu, watoto na maji ya tangini, na maji hayana huruma: lita moja ni kilo moja.

La pili ni umeme, na hapa ndipo wengi wanapokwama. RV ya ampea 30 inapokea volti 120 kwenye waya mmoja. Zidisha, unapata wati 3,600, basi. Sasa fikiria mchana wa joto: kiyoyozi kinakula kama wati 1,500, hita ya maji ikiwa kwenye umeme inakula 1,440, na kikaushio kidogo 1,300. Hizo ni 4,240, na breka imeshajikata kabla hujawasha maikrowevu. Ukisikia ampea 50 unaweza kudhani ni nyongeza kidogo tu. La hasha. RV ya ampea 50 inaletewa nyaya mbili za moto, kila mmoja ampea 50, jumla wati 12,000. Ni zaidi ya mara tatu.

La tatu ni maji, hasa yanayotoka. Fungu moja la nguo kwenye mashine ndogo ya mlango wa mbele hula lita 40 hadi 60 hivi. Tangi la maji ya sabuni, lile linalopokea maji ya bafu na masinki, kwenye RV nyingi lina ujazo wa kati ya lita 110 na 230. Hesabu mwenyewe: mafungu matatu na tangi limeaga. Ndiyo maana kufua ndani kunadai uwe umeunganishwa na bomba la taka. Viwanja vingi vya hifadhi za majimbo vinakupa umeme na maji hapo ulipoegesha, lakini maji machafu unakwenda kuyamwaga kwenye kituo cha pamoja. Kuyamwaga chini kichakani ni kosa sehemu nyingi, na majirani wana macho.

Yanayobaki ni muda, kazi ya kufunga na kutunza, na pesa. Kwenye muda, usiulize saa za mashine peke yake, uliza na saa zako. Mashine inaweza kuzunguka saa nne huku wewe umelala, na londri ikamaliza kwa saa moja na nusu lakini ikakushika mkono saa hizo zote.

Pea ya kupandana

*Nafasi na uzito.* Kabati lote linakwenda, usijidanganye kwamba utabakiza pa mashati. Pea ikisimama inafika sentimita 170 hivi. Mashine ya chini peke yake ina kilo 65 au zaidi kwa sababu ndani yake kuna uzito maalumu wa kutuliza ngoma inapokamua. Kikaushio ni chepesi, karibu nusu ya hapo. Katika trela la shingo chumba cha kulala kiko mbele, maana yake hizo kilo mia moja zinaishia mgongoni mwa pikapu. Baada ya kufunga tulipita kwenye mizani ya CAT, ile ya vituo vya malori ambayo madereva wetu wanaijua vizuri, tukapata tumebakiwa na nafasi. Nawajua wenye pikapu ndogo ambao wasingebakiwa.

Halafu kuna mlango. Milango mingi ya RV ina upana wa inchi 26 hadi 28, yaani mashine ya inchi 24 inapita ikikwaruza. Siku ya kuingiza, kaka wa mke wangu alikuja kusaidia. Amesimama nje na futi mkononi, ananiambia, "Shemeji, mlango umepima. Ngazi je?" Ngazi sikupima. Ndani ya trela kuna vidaraja vitatu vya kupanda chumbani, na juu yake kona. Mashine ilifika daraja la pili, ikagoma. Tulikaa nayo hapo, mmoja chini ameikumbatia na mwingine juu ameivuta, kama dakika ishirini, mpaka mke wangu akafungua skrubu za fremu ya mlango wa chumba na sentimita mbili tulizokuwa tunazililia zikapatikana. Kwa hiyo pima mlango wa nje, ngazi, kona, mlango wa chumba, na mdomo wa kabati. Kabati lenyewe lipime mwisho.

*Umeme.* Nunua pea ambayo mashine zote mbili zinatumia volti 120. Kuna pea nzuri za inchi 24 za nyumbani ambazo kikaushio chake kinataka volti 240, na muuzaji atakuhakikishia kwamba RV ya ampea 50 inayo hiyo 240. Kweli inayo, kati ya zile nyaya mbili. Lakini siku utakayofika uwanja wenye ampea 30 peke yake na kuchomeka adapta, nyaya zote mbili zinalishwa na waya mmoja, na 240 inatoweka. Jenereta nyingi za RV nazo ziko hivyo hivyo. Utabaki na kikaushio cha bei kubwa kinachofanya kazi ya rafu.

Kwa wenye ampea 30, pea inawezekana, ila utaishi kwa ratiba: kikaushio kikiwaka, hita ya maji inarudi kwenye gesi na kiyoyozi kinapumzika. Sisi tungechoka.

*Maji.* Kabla ya fungu la kwanza, jua bomba la mashine linamwaga kwenye tangi lipi. RV kubwa huwa na matangi mawili ya maji ya sabuni, moja la jikoni na jingine la bafu, kila moja na koki yake. Mimi nilifungua koki isiyo yake. Fungu la kwanza likapita salama. La pili, mashine ilipoanza kusuuza na pampu kusukuma maji kwa nguvu, tukasikia mgugumio bafuni. Povu lilikuwa linapanda kutoka kwenye tundu la bafu, jeupe, taratibu, na harufu ya sabuni safi kabisa, likafika kwenye ukingo. Maji hufuata njia iliyo chini, na tangi likijaa njia iliyo chini ni bafu lako. Nilikimbia nje pekupeku kwenda kufungua koki ya pili.

*Muda.* Hapa pea inajilipa. Kufua ni saa moja hivi. Kukausha kwa volti 120 ni saa moja na nusu, ukiwa na jinzi hata mbili, kwa kuwa joto lake ni dogo kuliko la kikaushio cha nyumbani. Lakini fungu la pili linafuliwa wakati la kwanza linakaushwa. Mafungu matatu yanakwisha kwa saa tano na nusu. Mama mwenye watoto wawili anaelewa hesabu hiyo bila maelezo.

*Kufunga na kutunza.* Fundi mzuri ataimaliza kwa siku. Ukitaka kuifanya mwenyewe, inawezekana kama kabati lako limeandaliwa. Kama halikuandaliwa, kutoboa sakafu, kuta na mabomba ya RV ni kazi nyingine kabisa, mpe mwenye uzoefu.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi. Tuliilaza RV sawasawa kwanza, kwa sababu ukinyoosha mashine ndani ya nyumba iliyoinama umeinamisha mashine. Sakafuni tukaongeza plaiwudi ya karibu sentimita mbili, tukaibana kwenye mbao za chini, juu yake sinia la kukinga maji lenye kibomba cha kutokea nje. Mipira ya maji tulitumia ile iliyovishwa waya wa chuma. Bomba la kutolea maji lazima lisimame juu na liwe na mkunjo wa U unaobaki na maji, la sivyo harufu ya tangi itahamia kitandani. Kisha tukatoa boliti nne za nyuma zinazoshikilia ngoma wakati wa kusafirishwa dukani. Anayezisahau ataona mashine ikitembea. Zihifadhi, na kuhusu kuzirudisha unapohama, fuata kitabu cha mashine yako.

Kikaushio kinakaa juu kwa kibano chake maalumu, si kwa kuwekelewa tu. Halafu pea nzima inafungwa ukutani. Kuta za RV ni ubao mwembamba na povu, skrubu ikiingia hapo haishiki kitu, kwa hiyo tulipitisha ubao mpana nyuma, umegongwa kwenye nguzo za ukuta, na mikanda ikashika huo. Kumbuka kitu hiki kitasafiri kilomita 100 kwa saa juu ya mashimo.

Bomba la hewa ni inchi 4, la bati gumu, fupi iwezekanavyo, na viungo vyake hufungwa kwa tepu ya alumini. Usitumie skrubu zinazotokeza ndani, maana vile vinyuzi laini vinavyotoka kwenye nguo vitanasa hapo. Wala usiweke mpira wa plastiki. Sisemi haya kukutisha: U.S. Fire Administration, idara ya serikali inayoshughulika na moto, imewahi kutaja wastani wa mioto 2,900 ya vikaushio majumbani kwa mwaka, na chanzo kikuu kilikuwa kutosafisha. Kichujio kinasafishwa kila fungu. Bomba lenyewe nalifungua kila tunapobadilisha mkataba. Nje kuwe na kifuniko kinachojifunga, kwa sababu nyigu wa huku wanapenda sana tundu lenye joto.

Majira ya baridi, kama RV inalala bila moto, mashine lazima ipitishwe maji ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu, yale yanayouzwa kwa ajili ya RV. Maji kidogo yaliyobaki kwenye pampu yakiganda, umenunua pampu.

*Pesa.* Pea ndogo za volti 120 kwa kawaida zinagusa au kupita dola 2,000, bila fundi. Faida yake moja ni kwamba kikiharibika kimoja, kingine kinaendelea.

*Inamfaa* mwenye RV kubwa ya ampea 50, anayekaa mahali pamoja wiki nyingi akiwa na maji na bomba la taka, na nyumba yenye watu watatu au zaidi. Kama unahama kila baada ya siku tatu, hutaifaidi.

Mashine moja, mbili kwa moja

*Nafasi na uzito.* Inakaa nusu ya kabati, na juu yake unabaki na fimbo ya mashati au rafu za taulo. Uzito ni kama wa mashine ya chini ya ile pea, kilo 65 hadi 70. Kwenye trela dogo hii ndiyo inayoingia bila kuvunja ndoa. Jina linalosikika zaidi kwenye RV ni Splendide, na LG na GE nao wameuza za inchi 24 za volti 120. Tangu 2023 kuna pia mashine kubwa ya pampu ya joto ya GE Profile ambayo inatumia volti 120 na kukausha haraka, ila upana wake ni inchi 28. Rudi kwenye mlango wako na futi.

Jambo la kujua kabla ya yote: namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kufua. Uwezo wa kukausha ni kama nusu yake. Ukijaza ngoma kwa kufua halafu ukaiachia ikaushe, utatoa donge la nguo lenye joto, mikunjo, na katikati unyevu. Fungu la kweli la mashine hii ni skrabu tatu na soksi zake, au jinzi moja na fulana nne, au doti mbili za kanga na shuka moja nyepesi. Ukilizoea hilo utaipenda. Mke wangu aliipenda. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku, anavua, anatia ndani, anabonyeza, analala. Akiamka nguo ziko tayari kuvaliwa, hakuna mtu aliyezihamisha.

*Umeme.* Inavumilika kwenye ampea 30, kwa kuwa inafanya kazi moja kwa wakati. Bado hita yake inakula wati zaidi ya elfu moja, kwa hiyo saa za kukausha punguza vingine.

*Maji.* Kiasi cha kufua ni kilekile. Tofauti iko kwenye kukausha, kwa sababu ziko za aina mbili. Yenye tundu la hewa inasukuma unyevu nje, inakausha vizuri zaidi, lakini inavuta hewa uliyokwisha kuipoza kwa kiyoyozi na kuitupa uwanjani. Isiyo na tundu inageuza mvuke kuwa maji na kuyatoa kwenye bomba la maji machafu. Nyingi za namna hii hutumia maji baridi kupoza huo mvuke, kwa hiyo tangi linaendelea kujaa hata wakati wa kukausha. Nguo zikitoka zinahisi kama zina unyevu. Zikung'ute, ziache dakika tano, utaona ni mvuke tu. Kwa trela lisilo na mahali pa kutoboa ukuta, aina hii ni mkombozi. Kwa mwenye mahali, mimi ningetoboa.

*Muda.* Saa tatu hadi nne kwa fungu, na ngoma ni moja, hakuna kupokezana. Mafungu matatu ni kutwa nzima.

*Kufunga na kutunza.* Nyepesi kuliko pea: hakuna kibano, hakuna mikanda mirefu ukutani, ingawa sakafu, sinia, mkunjo wa U na boliti ni mambo yaleyale. Vinyuzi ndivyo adui yake. Kwa isiyo na tundu, vingi vinajificha ndani, vingine vinakwenda na maji hadi kwenye pampu, na chujio la pampu lisiposafishwa mashine inaanza kugoma kutoa maji. Na likifa hita, umebaki na ya kufua tu. Likifa mota, umebaki na kabati zito.

*Pesa.* Kuanzia dola elfu moja na kitu. Zilizotumika zinapatikana, kwa sababu watu wengi hununua RV ikiwa nayo, wakaing'oa wapate pa viatu. Ukinunua ya namna hiyo, usikubali mbuzi kwenye gunia. Omba uione ikikausha mpaka mwisho.

*Inamfaa* mtu mmoja au wawili wanaofua kidogo kila siku, wenye RV ndogo au ya ampea 30. Haimfai anayependa kukusanya nguo za wiki.

Londri, beseni na kamba

*Nafasi na uzito.* Sifuri. Kabati linabaki kabati. Makoti yangu yanaikumbuka enzi hiyo.

*Umeme na maji.* Ni ya wengine. Kwa wanaokaa jangwani bila kuunganishwa na chochote, kama wale wanaojazana Quartzsite, Arizona, kila majira ya baridi, hii si njia ya wanyonge, ndiyo njia yenyewe. Maji ya tangini ni ya kunywa na kupikia.

*Muda.* Ukifika londri asubuhi ya Jumanne ukakuta mashine nne ziko wazi, unafua nguo za wiki mbili kwa saa moja na nusu, blanketi zito pamoja. Hakuna mashine ya RV inayoweza hilo. Ukifika Jumamosi saa nne, Mungu akusaidie. Kwa muuguzi wa zamu za saa 12, siku ya mapumziko inayoliwa na londri ina bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Vyumba vya kufulia vya viwanja vya RV viko karibu lakini mara nyingi vina mashine mbili tatu kwa uwanja mzima, na kuna watu wanaacha nguo humo hadi jioni. Kuzitoa ngomani nguo za mwenzio au kutozitoa, hilo kila mtu na malezi yake.

*Kutunza.* Hakuna la kutunza isipokuwa kopo la sarafu za senti 25, ingawa siku hizi londri nyingi zinapokea kadi au simu.

*Pesa.* Tuchukue dola 3 kufua na dola 3 kukausha. Mafungu manne kwa wiki ni dola 24, mkataba mzima wa wiki 13 ni dola 312. Pea iliyokugharimu dola 2,200 hadi kukaa kabatini inahitaji mikataba saba hivi ili ilingane, karibu miaka miwili, kabla hujahesabu umeme, sabuni na matengenezo. Kwa familia ya watano inayofua mafungu kumi, muda huo unashuka chini ya mwaka. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kumaliza nusu ya ubishi wetu kama tungeiandika mapema.

Ongeza beseni na kamba. Skrabu mbili na nguo za ndani kwa mkono, jioni, ni robo saa, na kwenye joto kavu la Arizona zinakauka kabla chai haijapoa. Kwenye unyevu wa Florida utazikuta kesho vilevile. Uliza uwanjani kwanza: viwanja kadhaa vinakataza kamba za nje, eti zinaharibu mandhari. Sisi tuliokua tukiona kanga zikipepea kila uani hilo hatulielewi, lakini sheria ni sheria. Kamba ya ndani ya bafu haina wa kuiuliza.

*Inamfaa* anayehamahama, anayelala mara nyingi mahali pasipo na bomba la taka, ambaye RV yake imeshakaribia kikomo cha uzito, au ambaye hajui kama mwakani atakuwa bado ndani ya RV.

Ukiwa katika hali hii

Muuguzi au fundi wa mikataba, peke yako, trela la ampea 30, uwanja wenye huduma zote: tafuta mbili kwa moja, na mashuka mazito peleka londri mara moja kwa mwezi.

Mume, mke na watoto, ampea 50, miezi mitatu mitatu mahali pamoja: pea ya volti 120, mradi kabati limeandaliwa na mizani imekubali. Kama halikuandaliwa, uliza bei ya fundi kwanza. Ikikaribia bei ya mashine zenyewe, mbili kwa moja isiyo na tundu inaanza kupendeza.

Wastaafu wanaozunguka, siku tatu hapa, tano pale, nusu ya safari kwenye hifadhi: londri. Mashine ikishafungwa haishuki siku ambazo haina maji.

Unatumia RV wikendi na likizo tu: nguo chafu zirudi nyumbani.

Una mashine ya zamani uliyoikuta kwenye RV uliyonunua na inafanya kazi: usiing'oe upesi. Safisha bomba la hewa na chujio la pampu, badilisha mipira ya maji, itumie mkataba mmoja.

Bado hujui: kaa wiki 13 na londri, na kila ukifua andika kwenye simu idadi ya mafungu, ulicholipa, na saa ngapi zimekwenda. Andika pia ni siku ngapi kati ya hizo ulikuwa umeunganishwa na bomba la taka. Kama siku hizo hazifiki nusu, kabati lako litundike makoti.